Wasomaji Wanauliza: Sura za Linux na Daftari la Vifurushi

Barua za safari hii zimetoka kwa watu waliohamia Linux karibuni, wengi wao wakiwa wametumia mfumo mwingine kwa miaka, na karibu zote zinahusu mambo mawili: namna ya kusakinisha programu, na sura ya mfumo wenyewe, yaani kiolesura. Nimefupisha barua zilizokuwa ndefu na nimeondoa majina ya waandishi. Naanza na ya mwanafunzi, kwa sababu jibu lake linahitajika ili majibu mengine yaeleweke.

*Ndugu Mshauri, ninatumia Ubuntu 22.04. Nilihitaji programu ya kuhariri sauti iitwayo Audacity, nikaitafuta kwenye intaneti kama nilivyozoea, nikapakua faili la .deb kutoka tovuti moja na kulibofya. Mfumo ulikataa, ukasema kifurushi hicho kinahitaji libc6 ya toleo la 2.38 au la juu zaidi. Nilianza kuisaka hiyo libc6, lakini rafiki yangu akanionya nisithubutu. Nimekosea wapi?* — Mwanafunzi wa uhasibu

Rafiki yako amekuokoa. Libc6 ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu iliyo ndani ya kompyuta yako huiegemea, hata ile amri ndogo ya kuorodhesha mafaili. Ubuntu 22.04 ina toleo lake la 2.35, na ukilazimisha kuingiza toleo la mfumo mwingine, huenda kesho ukawasha mashine ukakuta hata terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Faili ulilopakua si bovu, ila lilijengwa kwa ajili ya toleo jipya zaidi la Ubuntu kuliko lako.

Ulichokosea ni mazoea tu. Umezoea kwamba kila mtengenezaji anakaa na programu yake kwenye tovuti yake, nawe unapita mlango kwa mlango ukipakua. Kwenye Linux, wasimamizi wa distro, yaani mkusanyo wa Linux kama huo wa Ubuntu, hukusanya programu kutoka kwa waandishi wake, huzijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wa chanzo kwa kutumia maktaba zilezile zilizomo kwenye toleo husika, kisha huziweka kwenye hazina moja. Debian, ambayo ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo Ubuntu imetokana nayo, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000 ilipotoa toleo lake la 12 mwaka 2023. Audacity imo hazinani, tena ile iliyojengwa kwa ajili ya mashine kama yako. Fungua terminali uandike amri hizi (apt ndiyo zana ya kusakinisha vifurushi, na neno sudo huipa mamlaka ya msimamizi):

sudo apt update
sudo apt install audacity

Mstari wa kwanza hausakinishi kitu wala hausasishi programu yoyote, ingawa jina lake limewapotosha wengi. Kazi yake ni kuleta orodha mpya ya vilivyomo hazinani. Orodha hiyo hutiwa saini ya kidijitali, na ndani yake mna alama za kuhakikishia kila kifurushi, hivi kwamba mtu akikichezea kifurushi njiani, apt hugundua na kukikataa. Mstari wa pili ndio unaofanya kazi yenyewe: apt huona kwamba Audacity inategemea maktaba kadhaa, huangalia zipi unazo na zipi huna, hukuonyesha jumla ya megabaiti zitakazopakuliwa, kisha hukuuliza kama iendelee. Kabla zana hii haijaja, mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi hiyo ya kufuatilia vitegemezi uliifanya mwenyewe: kifurushi kimoja kinakutuma kwa kingine, kama karani anayekutuma dirisha la pili, na karani wa dirisha la pili akakurudisha la kwanza.

Chini ya apt kuna dpkg, na dpkg ina daftari. Kila kifurushi kilichosakinishwa kimeandikwa humo, pamoja na toleo lake na vile kinavyovitegemea, kwenye faili la maandishi ya kawaida liitwalo /var/lib/dpkg/status, ambalo unaweza kulifungua na kulisoma sasa hivi bila kuharibu chochote. Mafaili mengine yaliyo jirani nalo yanaonyesha kila faili la mfumo ni mali ya kifurushi kipi. Waswahili wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa sababu daftari hilo lipo, unaweza kuiondoa Audacity mwakani na mfumo ukajua hasa cha kufuta na cha kuacha.

Ziko programu, hasa za kibiashara, ambazo hazimo hazinani, na mtengenezaji wake hutoa faili la .deb. Hapo pakua kutoka kwake mwenyewe, kisha usakinishe kwa *sudo apt install ./jina-la-faili.deb*. Nukta na mkwaju ule wa mwanzo si pambo. Ukiviacha, apt itadhani unataja kifurushi cha hazinani. Watu bado wanafundishana kutumia *dpkg -i*, ambayo husakinisha bila kutafuta vitegemezi na hukuachia kifurushi nusunusu. Ukijikuta katika hali hiyo, *sudo apt --fix-broken install* kwa kawaida hukutoa.

*Ninapoandika nywila baada ya amri ya sudo, hakuna kinachotokea kwenye skrini, hata nyota hazionekani. Nimebadilisha kibodi mara mbili.* — Msomaji mwenye kibodi tatu

Kibodi zako zote ni nzima. Terminali inapokea kila herufi ila haionyeshi chochote, ili aliye nyuma ya bega lako asijue hata nywila yako ina urefu gani. Huo ni utamaduni wa kale wa mifumo ya jamii ya Unix. Andika hadi mwisho ubonyeze Enter. Linux Mint huonyesha nyota, na distro nyingine unaweza kuzilazimisha zifanye hivyo, lakini sioni haja.

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mstaafu. Mjukuu wangu ameniwekea Debian kwenye kompyuta yangu. Madirisha yana kitufe cha kufunga tu, kile cha kulishusha dirisha hakipo. Menyu ya programu siioni, na chini ya skrini hakuna pau yoyote. Je, kijana amesakinisha vibaya, au ni mimi nimezeeka?* — Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu hakukosea, na uzee haumo katika jambo hili. Hivyo unavyoiona ndivyo watengenezaji wa kiolesura hicho, kiitwacho GNOME, walivyoamua iwe.

Kwenye Linux, sura si mfumo wenyewe. Kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 hakina dirisha wala kitufe. Vyote unavyoviona, pau, menyu, ikoni, hata mandhari ya nyuma, ni kazi ya kundi la programu linaloitwa mazingira ya eneokazi, nalo husakinishwa na kuondolewa kama ilivyo Audacity ya mwanafunzi wetu hapo juu. Yako mengi, na wingi huo una historia ya mabishano. KDE ilianzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, lakini ilijengwa juu ya maktaba iitwayo Qt, ambayo wakati huo leseni yake haikuwa huru kama walivyotaka watetezi wa programu huria. Kwa hiyo mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME kama mbadala. Qt baadaye ikapata leseni huria, ila watoto walikuwa wameshazaliwa, na kila mmoja ana nyumba yake hadi leo.

Kisha Aprili 2011 GNOME ikatoa toleo la 3, ikaondoa pau ya chini na kile kitufe unachokitafuta. Fikra yao ilikuwa kwamba dirisha usilolihitaji kwa sasa lihamishiwe eneo jingine la kazi badala ya kushushwa, na kwamba programu itafutwe kwa kuandika herufi zake za mwanzo. Ijaribu: bonyeza ile kibonyezo yenye nembo iliyo kati ya Ctrl na Alt, madirisha yote yatajipanga mbele yako kwa udogo, kisha andika herufi mbili tatu za jina la programu unayoitaka bila kubofya popote. Watu wengi walikasirika mwaka ule. Baadhi yao waliuchukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, na wasimamizi wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon. Mimi nilinung'unika miezi kadhaa, kisha nikazoea; lakini sioni kwa nini mtu azoee asichokipenda wakati dawa yake ni amri moja.

Una njia mbili. Ukitaka kubaki na GNOME na kurudishiwa kitufe tu, mwambie mjukuu asakinishe gnome-tweaks. Ndani yake kuna sehemu inayohusu vichwa vya madirisha, na humo utawasha kitufe cha kushusha na cha kupanua. Ukitaka sura nzima ya zamani, yenye menyu na pau, sakinisha kifurushi kiitwacho mate-desktop-environment. Baada ya hapo toka, na ukifika kwenye skrini ya kuingilia bofya jina lako, lakini usiandike nywila bado: tazama kona ya chini kulia, utaona gurudumu dogo lenye meno. Libofye, chagua MATE, ndipo uandike nywila. Barua na picha zako zitakuwa palepale, kwa maana zimo kwenye folda yako, na sura hiyo haina mamlaka juu yake. Usipoipenda, kesho unarudi kwenye GNOME kwa gurudumu lilelile.

Jambo moja la Debian linaloweza kuwakwamisha: ikiwa kijana aliweka nywila ya msimamizi mkuu wakati wa kusakinisha mfumo, jina lako halitakuwa na ruhusa ya sudo, na utaambiwa kwamba jina hilo halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Aingie kwanza kwa *su -* na nywila ile ya msimamizi, kisha atoe amri bila neno sudo.

*Kwenye Ubuntu 24.04 naweza kuipata GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa namna tatu: ya .deb, ya Snap na ya Flatpak. Nichague ipi? Pia nilipoandika amri ya df kuangalia nafasi, mistari mingi inayoanza na /snap ilionyesha 100%. Je, diski yangu imejaa?* — Mchoraji wa mabango

Diski haijajaa. Kila programu ya Snap ni faili moja lililogandamizwa ambalo mfumo hulifungua kana kwamba ni diski ndogo ya kusoma tu, na kwa kuwa hakuna kinachoweza kuongezwa humo, daima litaonekana limejaa. Mstari wa kuuangalia ni ule wenye alama ya mkwaju peke yake mwishoni.

Kuhusu GIMP, tofauti ni nani anaitunza na imeandikwa kwenye daftari gani. Ile ya .deb imo kwenye daftari la dpkg, hutumia maktaba za mfumo wako, ni nyepesi kwa diski, lakini kwa kawaida hubaki kwenye toleo lilelile kubwa hadi utakapohamia Ubuntu nyingine, kwenye 24.04 hilo ni la 2.10, ilhali GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025. Flatpak na Snap zina madaftari yao wenyewe. Programu zake huja na maktaba zake, kwa hiyo hupata matoleo mapya upesi na hazigongani na mfumo, ila hula nafasi zaidi: programu ya kwanza ya Flatpak huweza kuvuta mamia ya megabaiti za maktaba za pamoja, ambazo zinazofuata zitazitumia. Snap hujisasisha yenyewe bila kukuuliza na huhifadhi toleo lililotangulia kama akiba. Inatoka kwenye duka moja linaloendeshwa na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya Linux Mint kuizuia tangu toleo lake la 20.

Kwa kazi ya mabango ningechukua Flatpak, kwa ajili ya hilo toleo la 3. Kwa zana ndogondogo za kila siku nabaki na .deb. Ikitokea umefungua programu ya Flatpak na haioni picha zilizoko kwenye flashi, usidhani flashi imekufa: programu hizo hufungiwa ndani ya uzio na huona folda zilizoruhusiwa tu. Iko programu iitwayo Flatseal inayokuwezesha kuongeza ruhusa kwa kubofya. Ukiondoa programu za Flatpak, maktaba zake hubaki, na *flatpak uninstall --unused* huzifagia. Usiweke zote tatu kwa pamoja. Utakuwa na ikoni tatu zinazofanana na mipangilio mitatu tofauti, na siku moja utaapa kwamba brashi zako zimeibwa.

*Kila asubuhi nikijaribu kusakinisha kitu naambiwa kuna kufuli, /var/lib/dpkg/lock-frontend, na kwamba limeshikwa na mchakato unaoitwa unattended-upgr. Nimeshauriwa nilifute hilo faili la kufuli. Nilifuta, ikafanya kazi mara moja, sasa kila kitu kinalalamika.* — Karani wa ghala

Wewe karani wa ghala utanielewa upesi kuliko wengine. Lile daftari la vifurushi huandikwa na mkono mmoja kwa wakati mmoja. Asubuhi ukiwasha mashine, Ubuntu huanza kusakinisha masasisho ya usalama kimyakimya, na wakati huo daftari limeshikwa. Kufuta kufuli hakumnyang'anyi kalamu yule anayeandika. Kunakufanya uanze kuandika ukurasa uleule pamoja naye. Ndiyo maana maandishi yamevurugika.

Washa mashine upya, iache dakika kumi, kisha toa *sudo dpkg --configure -a*, ambayo humalizia vifurushi vilivyoachwa katikati, na baada yake *sudo apt --fix-broken install*. Siku nyingine subiri tu. Ujumbe wenyewe hutaja nambari ya mchakato unaoshika kufuli, na ukiandika *ps -p* ikifuatiwa na nambari hiyo utaona kama bado uko kazini. Nimewahi kuusubiri kwa dakika ishirini kwenye mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, na ulimaliza salama.

*Niliweka kubuntu-desktop juu ya Ubuntu ili nione KDE. Katikati skrini ya terminali iligeuka rangi ikaniuliza nichague gdm3 au sddm (programu za skrini ya kuingilia, ya kwanza ya GNOME na ya pili ya KDE), nikabonyeza Enter bila kusoma. Sasa nina programu mbili za kila kitu, na skrini ya kuingilia imebadilika. Nimeondoa kubuntu-desktop lakini takataka zake zote zimebaki.* — Mdadisi

Kifurushi cha kubuntu-desktop ni kitupu. Hakina programu ndani yake, kina orodha ndefu ya vitegemezi tu, kama bahasha yenye karatasi ya mahitaji. Ukiitupa bahasha, bidhaa zinabaki rafuni. Kinadharia *sudo apt autoremove* huondoa vilivyoletwa kama vitegemezi na ambavyo havihitajiki tena, lakini vingi hubaki kwa sababu kifurushi kingine kimevipendekeza.

Hapa daftari jingine litakusaidia: /var/log/apt/history.log. Lifungue, tafuta siku ile uliyosakinisha, utaona mstari mmoja mrefu sana wenye jina la kila kifurushi kilichoingia kwa pigo lile. Viondoe hivyo, lakini usibonyeze kukubali kabla hujaisoma orodha ambayo apt inakuonyesha. Ukiona humo ubuntu-desktop, gnome-shell au gdm3, kataa, kwa maana unaelekea kukata tawi ulilokalia. Skrini ya kuingilia hurudishwa kwa *sudo dpkg-reconfigure gdm3*: swali lile uliloliruka litatokea tena, usogee kwa mishale, ufike kwenye kitufe cha kukubali kwa Tab, na safari hii usome.

Huenda ukakuta ikoni na fonti za GNOME nazo zimebadilika. KDE huandika baadhi ya mipangilio yake kwenye folda yako ya nyumbani, na GNOME huisoma. Apt haigusi folda hiyo hata ukitumia *purge*, ile amri ya kuondoa kifurushi pamoja na mipangilio yake ya mfumo. Ndiyo sababu mtu anayetaka kuonja tu namshauri afungue jina jingine la mtumiaji kwa majaribio, au aiwashe distro hiyo kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha kabisa.

*Maelekezo ya programu moja yanasema ninakili mstari mmoja unaoanza na curl na kuishia na sudo bash. Ni salama?* — Msomaji mwangalifu

Mstari huo hupakua maandishi ya amri na kuyaendesha papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi, kabla hujayaona. Huenda ni salama, maana miradi mikubwa yenye heshima hutumia njia hiyo. Kinachonikera mimi zaidi ni kwamba mara nyingi mafaili yake hutupwa kwenye folda za /usr/local au /opt bila kuandikwa kwenye daftari la dpkg, hivyo siku ya kuiondoa utayasaka mwenyewe moja moja. Anza kwa *apt search* na jina la programu. Nimekuta mara nyingi kwamba imo hazinani na waandishi wa maelekezo hawakujisumbua kusema. Ikikosekana, tazama Flathub, hazina ya programu za Flatpak. Ikikosekana huko pia, pakua maandishi yale kwenye faili kwa *curl -o*, ufungue faili hilo kwa kihariri cha maandishi na utafute mistari yenye apt ndani yake: maandishi mengi ya namna hii huongeza tu hazina ya mtengenezaji na ufunguo wake wa saini, kisha huita apt, na hapo programu itaingia daftarini kama zile nyingine.